Betri za Zahanati

Zahanati ya kijiji chetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kindu, ilinuka mafuta ya taa. Friji ya chanjo ilitumia mafuta hayo, nayo yalifika mjini kwa treni. Treni ilipokwama majuma mengi huko kusini, harufu ilififia, na Mama Zaina, mwuguzi wetu, akawarudisha mashambani akina mama na watoto wao mgongoni. Ndiyo maana mafundi walipopanda kwenye bati kufunga paneli mbili za jua, msimu wa kuvuna mpunga, nilipokuwa na miaka tisa, kijiji kizima kiliacha kazi kutazama. Baba aliuangusha mchikichi wake uliotia kivuli paani, ingawa ulikuwa bado unazaa. Friji mpya, iliyotumia betri zilizochajiwa na paneli hizo, ikavuma kama nyuki, na kiganja changu kilipougusa ukuta wake wa ndani kilipata baridi nisiyowahi kuijua.

Haikupita miezi mitatu. Mkubwa wa chama kilichotawala peke yake enzi ile, katika eneo letu, alitaka betri za kuendeshea muziki na vipaza sauti kwenye sherehe yake, akaja asubuhi na askari mmoja. Mama Zaina alisimama mlangoni.

“Mukubwa, mu frigo iko dawa ya batoto. Bila batri itaharibika.”

“Siku mbili tu, mama. Fete ikiisha, nitarudisha.”

Akawageukia wanaume waliokuwepo, akamwonyesha Baba kidole. Mwenye nguvu mpishe, wanasema wazee. Baba alizibeba betri begani, moja baada ya nyingine, na sisi watoto tukaambiwa tupige makofi. Tulipiga.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya mdogo wangu Asha kuchanjwa surua. Mama alimfunga kitenge kipya, akarudi naye kabla jua halijawa kali. Mama Zaina alikuwa amemwambia ukweli, akimwita kwa jina langu: “Dawa imepata moto, baridi yote imeisha, mama Hawa. Siwezi kumudunga mutoto sindano ya bure.”

Siku mbili zikawa majuma. Surua ilianzia ng'ambo ya mto, ikavuka na watu waliokwenda sokoni. Asha alishikwa na homa, macho yakavimba, kikohozi kikamkausha sauti. Alifariki alasiri moja, mpunga wa kutwanga ukiwa umeanikwa uani, na hakuna aliyekumbuka kuwafukuza kuku.

Baada ya mazishi Baba alikwenda peke yake kwa mkubwa yule. Hakugomba. Aliomba betri, akapewa, akazirudisha zahanati. Lakini zilikuwa zimekaushwa chaji kabisa, na jua la mwezi mzima halikuzifufua. Mama Zaina alirudia friji ya mafuta na kungojea treni. Baba aliishi miaka mingi baadaye, na kila mara mtu alipomlaumu mkubwa yule mbele yake, alijibu neno lilelile: “Ni miye nilibeba.”

Leo paneli zinauzwa Kindu katika maduka ya wafanyabiashara wa Butembo, karibu na mabeseni na magodoro. Wakulima huzifunga juu ya mapaa ya nyasi, wakachaji simu na kusikiliza habari. Wanangu wote wamechanjwa. Nilipowasimulia haya, binti yangu mkubwa aliniuliza kwa nini kijiji kizima hakikumkatalia mtu mmoja. Nilijaribu kumweleza hofu ya enzi ile, jinsi ilivyokaa hata ndani ya nyumba, lakini niliona haelewi. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba nami nilipiga makofi.