Niliwanunulisha Simu, Kisha Nikawakimbia

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Nina miaka arobaini na kitu, nimeishia kidato cha nne, na tangu nimalize shule sijawahi kutulia mahali pamoja. Naombeni mnisikilize tu.

Mwaka juzi nilifika Kibaoni nikaanza kufundisha watu wazima waliokuwa wanarudia mtihani wa kidato cha nne. Chumba cha kupanga, mabenchi ya kuazima, kitabu kimoja. Nikaona njia rahisi: kila mtu aje na simu yake. Napiga picha ukurasa, natuma kwenye kundi, wanasoma. Hata chaki sishiki!

Mwanafunzi mmoja, Mama Doto, alikuwa na kitochi, simu ndogo isiyopokea picha. Alikuwa fundi nguo, analea mapacha peke yake, na alitaka cheti ili apokelewe chuo cha ualimu wa chekechea. Kila siku alichungulia simu ya jirani. Nikamtania mbele ya wote kwamba kile kitochi kinafaa kumulikia kuku. Darasa likacheka. Na yeye alicheka.

Wiki iliyofuata akaja na simu kubwa. Alikuwa ameuza cherehani.

Nilijua. Na nilimpongeza. Jamani, nilimpongeza!

Ilipobaki miezi miwili kufika mtihani, ugonjwa wangu wa kuhamahama ukanianza. Nikaikumbuka Kabungu nilikokulia, nikawa silali vizuri. Nikawaaga wanafunzi, nikawaambia wasihofu, darasa liko kwenye simu, nitawafundisha hata nikiwa njiani. Baba mmoja akauliza, "Mwalimu, na huko mtandao upo?" Nikamjibu aache maswali ya kizee. Wakacheka tena.

Kijiji nilichofikia huko Kabungu hakikuwa na mtandao. Ilibidi kupanda kilima. Siku za kwanza nilipanda, halafu nikaacha. Nilikuwa nazunguka kuwatafuta niliocheza nao utotoni. Wengi walishahama. Wengine wamekufa.

Siku niliyopanda tena, simu ilitetemeka mpaka nikaogopa. Kila siku Mama Doto alikuwa amenitumia mimi binafsi picha za hesabu alizofanya, na chini ameandika, "Mwalimu, nisahihishie." Nilizifungua zote. Alikuwa anahamisha namba upande wa pili bila kubadilisha alama. Kosa lile lile, ukurasa baada ya ukurasa. Sentensi moja tu ingemtoa hapo!

Sikuiandika. Nilianza kuona aibu kwa siku zote nilizonyamaza, na badala ya kujibu nikatoka kwenye kundi.

Alifeli.

Wakati wa mavuno nilipita kijiji cha Mamba, nikamkuta anavuna mpunga wa watu kwa kibarua. Nikajieleza haraka haraka kwamba kule mtandao ulikuwa shida, picha zake hazikunifikia. Akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Usinidanganye, mwalimu. Niliona tiki za bluu."

Akainama, akaendelea kuvuna. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nyie mnaofundisha watu kwa simu zao, msidhani simu inakaa darasani kwa niaba yenu. Hamjui mtu ameacha nini nyumbani ili aipate. Kama unajijua huwezi kukaa nao mpaka siku ya mtihani, usianze. Na kama umeshaanza, umechelewa, unaona aibu, wajibu hivyo hivyo. Hata kwa mstari mmoja, wajibu.