Daktari Aliyerudi Kusahihisha Wasifu Wake

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mchana, sijagusa pombe ya mbege wala dawa. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize.

Watu wa Moshi walikuwa wakiniita kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani kabla ya maziko. Niliwahi kuwa ripota wa redio, basi najua kuuliza na kupanga: kuzaliwa, shule, kazi, ugonjwa, watoto. Safari hii niliitwa Marangu. Aliyefariki alikuwa daktari wa kupanga meno, mwenye kliniki yake mjini. Sikuwahi kumwona. Kaka yake, Mzee Elinami, ndiye aliyenipa maelezo.

"Andika vizuri, mwandishi. Kasoma, ametibu watu, kanisani hakukosa. Kwenye watoto weka hakujaliwa."

"Na mke?"

"Hakuoa. Kunywa chai."

Ndani palijaa watu, nikatoka kukaa kwenye benchi nyuma ya banda la ng'ombe. Ilikuwa alasiri, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Akaja mwanamume mrefu, kavaa koti la bluu, akakaa kando yangu. Nikajua ni mmoja wa ndugu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaandika habari za daktari? Andika kwamba watoto walimjia hata kutoka Holili, wameziba midomo kwa viganja. Akiwafunga waya, shuleni wanazomewa, wanarudi wanalia autoe. Anawaambia, nikiutoa mapema meno yatarudi yalikotoka. Hebu ng'ata."

Nikang'ata. Kwa nini nilitii? Sijui mpaka leo. Akabonyeza kwa kidole gumba jino langu la chini lililopinda. Kidole kilinukia karafuu, na niamini, kilikuwa baridi kuliko maji ya mto wa huku juu.

"Hili ungeliwahisha utotoni," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Pale kwenye watoto, futa. Ana binti, Aisia. Yuko Kiboriloni, mama yake anauza mitumba. Ana jina la mama yetu."

Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Jina hilo halitolewi ovyo.

"Mbona basi hatajwi?" nikauliza.

Akageuza uso kwenye migomba. Niliinama kuandika jina. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu, na kwenye majani yaliyolowa palikuwa na nyayo zangu tu.

Nikamfuata Mzee Elinami. "Ndugu yenu mrefu, mwenye koti la bluu, kaniambia marehemu ana binti."

Akaweka kikombe chini polepole. "Wanaume tulizaliwa wawili tu. Koti la bluu tumelipeleka mochwari leo asubuhi, avalishwe."

Akachungulia dirishani kuelekea banda la ng'ombe. Aliniamini. Hilo naomba ulishike: aliniamini.

Kesho yake jeneza likafunguliwa tutoe heshima za mwisho. Alikuwa yeye, na koti lile lile.

Jina la Aisia nilikuwa nimeliandika, nikamkabidhi Mzee Elinami karatasi. Msibani kwetu asiyetajwa kwenye wasifu haitwi kuweka udongo, na asiyeweka udongo hana la kusema siku kihamba, shamba la ukoo, kinapogawanywa. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma na mama yake, kavaa sweta la shule.

Mzee akasoma. Alipofika kwa "mama yetu mpendwa Aisia" sauti ikamkatika, watu wakalia. Alipofika kwenye watoto akalitazama jeneza, akasema, "Marehemu hakujaliwa mtoto."

Shangazi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Hakujaliwa! Na huyu mwenye pua ya mama yenu, mmemchuma kwenye mparachichi?"

Waliomsikia wakacheka chini chini. Hakuna aliyepaza sauti. Kaburini wakaitwa kaka, shangazi, wapwa, madaktari wenzake. Aisia hakuitwa. Watu walipoanza kupanga foleni ya chakula, mama yake alimshika mkono wakaondoka.

Jino langu lile limekufa ganzi mpaka leo. Chai ya moto hailifikii, na kila daktari anayeligonga anasema ni zima. Wasifu wa watu nimeacha kuandika. Mzee Elinami naye? Hana hata mafua. Analala vizuri, kapangisha kliniki. Kama ulidhani wafu hulipiza kisasi, pole.

Lakini uchungu wangu hauko kwa mzee peke yake. Naukumbuka uso wa yule daktari pale kwenye benchi, namna alivyokwepa macho yangu, nazidi kukasirika. Safari ya kutoka mochwari hadi Marangu aliiweza. Ile ya kupanda gari akiwa hai, na binti yake kando, akabishe hodi kwa kaka yake, ilimshinda.

Basi wewe, kama una mtoto ambaye kwenu hawamjui, mpeleke Jumamosi hii. Akae mezani, ale, wamwone. Ukishakufa, hata ukipata njia ya kurudi, utamkuta mgeni kama mimi kwenye benchi, na mgeni hana sauti katika ukoo wenu.