Treni Iliyojifunza Kusimama Kelby Moss

Jua la Novemba bado linajishauri kama litoke au lisitoke. Lorna Tordoff amekwisha kuizunguka treni yake, akaipiga kofi ubavuni kama mtu anayemwamsha ng'ombe, na sasa anapanda kwenye kibanda cha dereva, chupa ya chai ikiwa kwapani.

Safari yake ya leo ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi: kutoka Arden Bridge, kushuka bondeni, mpaka mjini Thorsley. Reli ni ileile na madaraja ni yaleyale. Jipya ni moja tu. Katikati ya njia, mahali ambapo kwa miaka ishirini na tisa amepita kama upepo, leo anatakiwa kusimama.

"Watu wanadhani kazi ya dereva ni kwenda," anasema, akifuta kioo kwa mkono wa koti. "Kwenda hata mbuzi anaweza. Kazi ni kusimama."

Anayesema hivyo ana sababu. Juma lililopita alishindwa kusimama.

Kelby Moss ni mji wa nyumba za mawe meusi, kiwanda cha pamba kilichokufa, na mvua. Stesheni yake ya zamani ilivunjwa zaidi ya miaka sitini iliyopita, lakini reli haikung'olewa. Tangu hapo treni zimekuwa zikipita katikati ya mji, zikitikisa vikombe kabatini, bila kumchukua wala kumshusha mtu.

"Treni tunayo," hupenda kusema wenyeji, "ila yetu ni ya kusikiliza."

Nyumba ya Stan Tordoff, babake Lorna, imeipa reli mgongo. Mzee huyu wa miaka themanini na tatu alikuwa dereva wa basi, na katika maisha yake hakuwahi kuwasemea vizuri watu wa reli mpaka binti yake alipojiunga nao. Tangu siku hiyo, kila Lorna anapopita hupiga honi fupi, na Stan husimama dirishani jikoni akapunga kitambaa cha kufutia vyombo.

Siku hizi macho ya Stan yamepungua nguvu. Kliniki ya macho iko Thorsley. Basi la moja kwa moja liliondolewa, na teksi inataka pauni thelathini na tano kwenda tu, kurudi ni mazungumzo mengine. Miadi miwili ameiacha ipite. Daktari amemwonya kwamba akiendelea hivyo, jicho la kushoto litakwenda na halitarudi.

"Nampungia mkono binti yangu, yeye anakwenda hukohuko ninakotaka kwenda mimi," anasema Stan. "Anapita mita ishirini kutoka kwenye sinki langu. Sasa hiyo si kejeli hiyo?"

Ndiyo maana, habari za stesheni mpya zilipothibitishwa, mzee huyu ambaye hata kwenye harusi ya mwanawe hakutoa chozi aliingia bustanini na kukaa huko muda mrefu, akijidai anapalilia.

Stesheni ilijengwa treni zikiendelea kupita. Hilo ndilo liliwashangaza watu. Mafundi walishusha vipande vya zege vyenye uzito wa tembo, wakavipanga kando ya reli hai, wakasogea pembeni treni ikapita, wakarudi. Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wakienda kusimama kwenye uzio na kutazama tu. Palipokuwa na miiba na matairi mabovu palitokea jukwaa refu, kisha la pili ng'ambo, kisha daraja la kuvukia lenye lifti. Bibi mmoja alisema amewahi kuona nyumba zikijengwa, lakini hajawahi kuona mlango ukifunguliwa kwenye ukuta wa mji mzima.

Hata hivyo, jukwaa si stesheni mpaka treni isimame. Na treni ya Lorna, mabehewa manne yanayokimbia kilomita mia na kumi kwa saa, haisimami kwa kukanyaga tu. Breki lazima ianze zaidi ya kilomita moja kabla, nyuma ya kona, jukwaa likiwa halijaonekana. Dereva anaanza kusimama mahali asipopaona. Ukikaa nyuma yake ukalifikiria hilo, mwili unakusisimka.

Kwa hiyo madereva wana alama zao: mnara, kona ya ukuta, daraja. Ukifika hapo, shika breki. Katika karakana ya Arden Bridge kuna desturi kwamba dereva anayestaafu huwarithisha wadogo zake alama zake, mbele ya keki na chai. Kuna alama zimerithiwa mara tatu. Na kuna sheria moja kila mgeni huimbishwa: alama isiwe na miguu, isiwe na matairi, isiwe na majani. Ng'ombe huondoka, gari huondoka, mti hukatwa.

Kelby Moss haikuwa na alama ya kurithi. Hakuna dereva aliye hai aliyewahi kusimama pale. Lorna alilazimika kujitafutia yake, na mkongwe huyu, mwalimu wa wengine, akachagua katapila.

"Lilikuwa la njano, limekaa pale kwenye tope miezi minane," anasema, uso umemwiva. "Lilikuwa mahali penyewe hasa! Nikawa nalipita kila siku najiambia, hapo, hapo, hapo."

Alhamisi ya majaribio alileta treni tupu. Stan alikuwa kwenye jukwaa jipya pamoja na kina mama wa kanisa la Methodisti na bango lao la kukaribisha. Lorna akaingia kwenye kona akilitafuta katapila. Katapila lilikuwa limepakiwa kwenye lori siku moja kabla, kazi yake imekwisha.

Macho yalipokosa yalichokitafuta, mikono ilifanya ilichokizoea. Haikugusa breki. Treni ikapita jukwaa zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake wa siku zote. Na kibaya zaidi, alipofika usawa wa jikoni kwa babake, Lorna akapiga honi.

"Na mimi mjinga," anasema Stan, "nikampungia!"

Kando ya Lorna kibandani alikuwa amekaa Imtiaz Rafiq, msimamizi wa madereva, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akimwagiwa chai ya moto. Inasemekana alingoja hadi daraja lililofuata ndipo akakohoa.

"Dada Lorna," akasema, "nadhani ile ilikuwa stesheni."

Kwenye chumba cha chai hawakumwonea huruma. "Lorna, leo utasimama au tukupungie vitambaa?" Mwingine alibandika picha ya katapila kwenye kabati lake na kuandika chini yake: Nimekumiss. Lorna alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Mazoea yana taabu, na yeye aliyajua yake yalivyomkaa mikononi.

Imtiaz alimwita ofisini akafunga mlango. Treni ya ufunguzi, alisema, pengine apewe Dermot Pickles, kijana aliyehamia miezi michache iliyopita. Si hodari kama Lorna, lakini hana mazoea ya kupita.

"Nipe mimi," Lorna alisema.

"Ukipita tena, huruhusiwi kurudi nyuma, unajua. Utaenda na abiria wako mpaka stesheni inayofuata. Mji ule umepitwa miaka sitini, dada yangu. Tukiupita siku ya kuufungulia, hawatatusamehe, na watakuwa na haki."

"Najua. Mmoja wao ni baba yangu, na siku hiyo ana miadi ya jicho."

"Tafuta alama isiyo na matairi," Imtiaz akasema. "Halafu mimi nitakaa pembeni yako, na sitasema neno."

Siku zake za mapumziko Lorna alizitumia kupanda treni za wenzake na kusimama kibandani, macho mbele. Alipata jiwe la kona la kanisa la Methodisti, linaloonekana kidogo tu kati ya kingo mbili za udongo. Limekaa pale tangu enzi za babu wa babu yake na halina safari popote. Alijaribu na treni tupu, akasimama sawasawa. Akajaribu tena, akasimama tena.

Ndipo ikaja asubuhi hii, na kwenye bonde la Kelby kukashuka ukungu.

Si ukungu wa mchezo. Baada ya Arden Bridge kioo kinageuka maziwa. Taa za ishara zinatokea moja moja, zikiwa karibu mno, na kupotea. Imtiaz amekaa kimya kama alivyoahidi. Nyuma yao kuna behewa la viongozi wenye makoti mazuri, mwenyekiti wa halmashauri na mkasi wake wa kukatia utepe. Mbele, mahali fulani ndani ya ule weupe, kuna mji mzima umesimama unangoja.

Lorna anapunguza mwendo kwa kiasi anachoruhusiwa. Kingo za udongo zinapita kama vivuli. Kanisa halipo. Jiwe halipo.

"Nilihisi mikono inataka kutulia," atasimulia baadaye. "Ilikuwa inaniambia, pita mama, hapa huwa tunapita. Nikaogopa sana. Sijawahi kuiogopa mikono yangu mwenyewe."

Hapo sakafu ikabadilika sauti.

Kabla ya Kelby Moss kuna kijito, na juu yake daraja dogo la chuma ambalo abiria hawalijui. Treni ikipita juu yake, mngurumo unakuwa mtupu kwa muda wa pumzi moja, kisha unarudi. Lorna ameusikia mngurumo huo kwa nyayo zake kwa miaka ishirini na tisa bila kuufikiria hata mara moja. Leo anaufikiria. Anajua lilipo jiwe, ingawa halioni: ni pumzi mbili baada ya daraja.

Anashika breki.

Treni inalalamika, inainama, inapungua. Ukungu unapasuka kidogo na ukingo wa jukwaa unatokea, mweupe, mpya, ukifuatwa na viatu, makoti, miavuli, nyuso. Nyuso mia kadhaa zinapita dirishani taratibu, taratibu zaidi, kisha hazipiti tena. Alama ya kusimamia iko usawa wa bega la Lorna. Imtiaz anatoa pumzi kubwa na kusema kitu kwa lugha ya mama yake.

Milango inafunguka. Hakuna anayeingia.

Bendi ya tarumbeta ilikuwa imejiandaa kupiga, lakini hakuna anayepiga. Watu wamesimama wanatazama ile milango iliyo wazi, sakafu yake ikiwa sawa kabisa na sakafu yao, na mwanga wa ndani ukiwaangukia miguuni. Wanawake wazima wanalia bila kujificha. Mtu mmoja amevua kofia. Hatimaye kondakta, mwanamama mnene mwenye sauti ya sokoni, anatoa kichwa nje.

"Jamani, ingieni! Hii treni, si picha!"

Kicheko kinalipuka, bendi inaanza kila mtu na mdundo wake, na Kelby Moss inaingia kwenye treni. Stan anafika kwenye mlango wa behewa la kwanza. Anaweka kiganja juu ya chuma chenye maji, anakiacha hapo kitambo, kisha anapanda.

Lorna hawezi kushuka. Dereva hashuki, na muda wa kusimama ni mfupi. Anamwona babake kwenye kioo cha pembeni, mgongo tu, na kofia. Kengele ya kondakta inalia mara mbili, maana yake nenda.

Anakiri kwamba kutoka hapo mpaka Thorsley aliendesha kama aliyebeba mayai. Walipofika mwisho wa safari, Stan alikuja taratibu kando ya jukwaa hadi kwenye dirisha la kibanda, akamtazama binti yake kwa jicho lake zima.

"Breki zako laini," alisema. "Laini kuliko zangu." Akaenda kliniki.

Majuma matatu baadaye gazeti hili lilirudi Kelby Moss. Bango la ukaribisho limeloa na kuning'inia upande mmoja. Wanafunzi wamekaa kwenye ngazi wanakula viazi vya kukaanga. Jicho la Stan limechomwa sindano ya kwanza, nyingine ni leo, na daktari ana matumaini nalo.

Lorna amebakiza miaka miwili astaafu. Hana mpango wa kuhamia pwani kama wenzake. Anataka kumalizia kwenye njia hii, na siku ya keki na chai amrithishe Dermot Pickles lile daraja la kijito. Zaidi ya hapo ana ombi moja tu. "Nataka nifike pale siku moja asipige makofi mtu. Kila siku wananipigia makofi, naona haya."

Siku hiyo majani yaliyooza yalikuwa yametapakaa kwenye reli huko juu bondeni, magurudumu yakateleza, na treni ikachelewa. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Ilipoingia hatimaye, hakuna aliyepiga makofi. Stan Tordoff alitoka kwenye kibanda cha abiria, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dereva na kugonga saa yake ya mkononi.

"Dakika nne!"

"Kawia ufike, Baba," Lorna akasema.

"Hizo waambie wenzako wa reli. Watu tuna safari zetu."

Akapanda behewa lake bila kugeuka. Lorna alifunga dirisha, akajipangusa macho kwa mkono wa koti, na kungoja kengele mbili.