Raba za Zamu

Jumapili ile nyumbani kwetu Iyula tulikuwa wanne, mwanangu. Mimi Eliza, Tabitha, mdogo wangu wa kunifuata, mama yetu Anyesi, na shangazi Nambeye, dada yake baba, aliyekuja kutusaidia kuchuma kahawa. Baba hakuwepo, alikuwa Tunduma. Ndiye aliyetuletea raba. Nyeupe, za turubai, jozi moja kwa mabinti wawili.

Tukawa tunavaa kwa zamu. Mimi naenda nazo ibada ya kwanza, narudi mbio, nafuta tope, Tabitha anazivaa kwenda ya pili. Mguu wake ulikuwa mdogo, basi anajaza kitambaa mbele. Weupe ukififia tunazipaka chaki.

Siku hiyo Tabitha alikuwa apate kipaimara, ibada ya pili. Mchungaji wa kukitoa alifika kwetu mara moja tu kwa mwaka. Asubuhi akaniambia, “Dada, leo usichelewe.”

“We nawa miguu tu, utaniona.”

Nilipotoka ibadani nikapitia gulioni. Wasichana wenzangu wakanidaka.

“Weee, Eliza! Salamu hutoi tena, umevaa miguu ya mjini!”

“Hebu tembea tuone.”

Nikatembea. Nikarudi, nikatembea tena. Sifa zile zilinilevya, sikufichi. Kengele ya ibada ya pili niliisikia kabisa, nikasema bado kidogo.

Nafika nyumbani, watu wanatoka kanisani. Tabitha amekaa kizingitini, miguu ameiosha na kuipaka mafuta, ameiweka juu ya gunia isishike vumbi. Mama akanieleza kwamba alimsihi aende peku, mbona na wenzake wengine walikwenda peku. Akakataa. Akasema, “Dada kasema anarudi.”

Tabitha hakunitukana. Aliniangalia, akasema, “Basi, mwakani.”

Mwaka huo hakuuona. Mvua zilipoanza homa ilimshika, hakumaliza wiki. Siku ya kumzika nilizisugua zile raba, nikazipaka chaki, nikazileta ili avishwe. Shangazi Nambeye akanishika mkono mlangoni.

“Eliza, mwanangu, alizihitaji Jumapili ile.”

Nikarudi nazo, na tangu hapo sijavaa raba.

Leo mjukuu wangu Neema anauza raba za mtumba pale Tunduma, anazisugua kwa mswaki mpaka zinang'aa. Naona zinavaliwa na suti, na kitenge, juzi hata bibi harusi alikuwa nazo ndani ya gauni. Nguo nyingi zimekuja na kupotea, raba zipo tu. Neema huniletea jozi, “Bibi, jaribu hizi, laini.” Nazishika, naziangalia mbele kama kuna kitambaa, namrudishia.

Sikukatazi kupendeza, mwanangu. Vaa, usifiwe. Lakini kama umemwambia mtu unarudi, rudi kwanza. Wanaokusifu wapo gulioni kila wiki. Anayekungoja amekaa anaamini neno lako, na hujui kama mwaka mwingine atakuwepo.

Mungu ailinde miguu yako, na kila unapokwenda akurudishe mapema kwa wanaokungoja.

Kama yupo mtu wa Iyula anayekumbuka vingine, kwamba nimekosea jina au siku zile za homa, anisahihishe, nami ni mzee. Ila miguu ile juu ya gunia sijaikosea.