Kicheko Kabla ya Vyura

Chuoni walimwita Bibi Vyura, naye aliitika. Kwangu ni mamdogo, mdogo wake mama yangu, fundi wa maabara aliyestaafu akagoma kurudisha ufunguo. Katika chumba chenye feni inayolalamika, alikuwa akijenga hifadhidata ya mtandaoni: sauti za vyura wa mabwawa yetu, wazi kwa yeyote duniani, bila kumpigia mkubwa magoti. Aliwabembeleza watafiti mmoja mmoja watoe rekodi zao.

"Elimu ikifungiwa huota ukungu," aliwaambia.

Nami niliamini kila neno. Kwa hiyo siku nilipolikuta kasha la kanda nyuma ya kabati lake, lenye mwandiko wa marehemu mumewe, damu ilinichemka.

"Mamdogo! Wenzako unawahubiria uwazi, zako umezificha?"

"Punguza moto, mwanangu, utaunguza chungu."

Akatia kanda moja kwenye redio. Ikatoka sauti ya baba mdogo, nzito, yenye kikohozi: bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, mwezi wa pili, mvua imekatika sasa hivi. "Na wewe mama, usicheke, utawatisha!" Kikafuata kicheko cha msichana. Kisha vyura, bwawa zima.

Ndivyo walivyofanya kazi: mume akitaja mahali, mke akishika kipaza sauti na kujizuia kucheka. Hakuweza hata mara moja.

Nikanywea. "Basi tuandike mahali na tarehe, halafu tumkate yeye. Wabaki vyura."

"Nilijaribu. Nikaona namzika mara ya pili."

"Na tukiziacha humu kashani?"

Bwawa lile lilikwisha kufukiwa. Juu yake pana maghala. Vyura wake hawaimbi popote ila humo.

"Basi waende wote," akasema. "Na mzee na kikohozi chake." Tukazinakili kanda kwenye kompyuta, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuzipandisha mtandaoni, kisha akaushika mkono wangu kama anayesindikiza msafiri kituoni.

Baadaye ukaja ujumbe wa mwanafunzi wa mbali tusiyemjua. Alishukuru kwa vyura, akauliza kwa adabu: yule mama aliyekuwa akicheka, alinyamaza?

Mamdogo akausoma, akaegemea kiti, na kicheko kilekile cha kwenye kanda kikajaa chumbani hadi feni ikasahaulika.

"Mwandikie," akaniambia, akipangusa macho. "Mwambie bado."