Niliambiwa ua la Ole ni la Msumbiji, ikabidi nikalitafute mwenyewe

Assalaam alaykum wakuu. Na wale wa salamu nyingine, nawasalimu pia.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, nikihofia mtaniona sina kazi. Lakini yote yamenitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana Pemba ndogo na watu twajuana. Palipo na shaka niulizeni, picha ninazo.

Niwape mwanzo wake.

Naishi Wawi. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitali. Kutwa natazama vivuli vyeupe na vyeusi, natafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye mfupa wa mtu.

Mwaka yalipotokea haya nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama yangu akahamia kwangu kunilea siku arobaini. Wenye kujua arobaini ya Pemba mnajua: maji ya moto, uji wa pilipili manga, na hutoki nje hata kutazama mvua.

Mtoto ananyonya, mkono mmoja uko huru, simu iko karibu. Nikamaliza kusoma majungu yote ya mitandaoni mpaka nikachoka.

Ndipo rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo akanitumia link. Akaniambia, "Wewe una jicho la picha, hebu jaribu hii."

Ilikuwa ni tovuti ya watu wanaojitolea kutambua okidi za mwituni. Okidi ni jamii ya mimea yenye maua, mingi yake huota juu ya miti mingine. Unaletewa picha mbili. Moja imepigwa msituni na mtu na simu yake. Nyingine ni ya mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi miaka mingi nyuma, umehifadhiwa Ulaya huko, pembeni una lebo ya mwandiko wa mkono. Kazi yako ni kulinganisha, kusoma lebo, na kusema huu ni mmea gani na ulitoka wapi.

Hakuna malipo. Hakuna cheti. Nikanogewa siku ya kwanza tu.

Wakuu, mmea mkavu uliobanwa kwenye karatasi unafanana mno na eksirei. Umelala bapa, hauna rangi, na siri yake yote imo kwenye mistari. Nilijiona niko kazini.

Ila msidhani nilikuwa hodari. Wiki ya kwanza niliita okidi kitu ambacho kilikuwa kirukia, lile jani linalonyonya miti. Mama mmoja mstaafu wa Uskochi, tumwite Bi Margaret, ambaye amekaa kwenye tovuti ile miaka mingi, akanisahihisha mbele ya kadamnasi kwa adabu iliyouma kuliko matusi.

Mama yangu akaniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia nimekosea ua.

Akasema, "Mtoto akulilia, weye walilia ua."

Sasa, siku moja nikaandika neno "Pemba" kwenye sehemu ya kutafutia. Sikutegemea kitu. Ikaja shiti moja, yaani karatasi moja yenye mmea mkavu.

Haikuwa na jani hata moja. Mizizi mitupu, imetawanyika kama nywele zilizotoka kwenye kitana, na kikonyo chenye vijiua vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja na kifuko cha duara nyuma yake. Kuna okidi za namna hiyo, kundi lao linaitwa Microcoelia. Hazina majani kabisa. Mizizi yake yenyewe ni ya kijani ikilowa, ndiyo inayofanya kazi ya majani.

Miaka yote nimeishi kisiwa hiki na sikuwahi kujua kuna kiumbe cha hivyo.

Lakini pale juu, kwenye sehemu ya nchi, imeandikwa Msumbiji.

Kumbe Msumbiji nako kuna mji unaitwa Pemba. Aliyeingiza taarifa aliliona hilo jina kwenye lebo akamaliza kazi.

Nikakuza ile lebo mpaka herufi zikapasuka. Mwandiko wa haraka, wino umefifia, jina la aliyekusanya halisomeki. Waliojitolea kabla yangu walisoma "on dove", yaani juu ya njiwa! Nikatazama tena. Haikuwa "dove", ilikuwa "clove". Juu ya mkarafuu. Na chini yake neno fupi ambalo wao waliliacha wazi kwa sababu halikuwaingia akilini.

Ole.

Na baada yake: "shamba la Nassor".

Nilipiga ukelele mtoto akaamka. Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Nikaandika hoja yangu. Kwamba Ole ipo Pemba ya Zanzibar. Kwamba karafuu ndiyo kazi ya huku. Kwamba tarehe ya lebo ni ya miaka michache baada ya Mapinduzi, na wakati huo ule mji wa Msumbiji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Kireno, haujaitwa Pemba.

Bi Margaret akajibu kwamba hoja ni nzuri, lakini kubadilisha nchi kunataka ushahidi wa nje ya lebo. Mtu angeweza kuwa amebeba lebo za huku akazitumia kwa mimea ya kule. Je, mmea huo umewahi kuonekana Pemba? Kuna picha?

Hakukuwa na picha.

Basi arobaini ilipokwisha nikamwambia mume wangu nataka kwenda Ole. Yeye anafanya kazi bandarini Wesha. Akaazima gari ya mwenzake siku ya Jumapili, tukaenda wanne: mimi, yeye, mama, na mtoto kifuani.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kijinga ambalo mpaka leo likinijia natamani kujifunika kanga usoni.

Tulipofika tukauliza shamba la Nassor. Kijana mmoja mwenye baiskeli akatuelekeza bila shida, maana watu bado wanalitaja kwa jina hilo. Tukafika kwenye nyumba safi, ua umefagiwa, karafuu kavu kidogo ziko kwenye jamvi. Akatoka mama wa makamo, ambaye nitamwita Bi Mize. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali, mtoto akabebwa akasifiwa.

Kisha mimi nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeichapa ile shiti nzima pamoja na lebo.

Nikasema, "Bi Mize, tunatafuta shamba la Nassor. Tunayo karatasi ya zamani kutoka Ulaya, ina jina lake."

Wakuu. Uso wa yule mama ulifungika kama mlango.

Kwa wasiojua historia yetu: baada ya Mapinduzi serikali ilichukua mashamba makubwa, ikawagawia watu eka tatu tatu. Nassor alikuwa mwenye shamba wa zamani. Baba yake Bi Mize, ambaye wazee wake walitoka bara, alikuwa kibarua wa kuchuma humo, naye akapewa eka zake. Na mimi nimesimama mlangoni, mgeni na gari, nimeshika karatasi ya Ulaya yenye jina la Nassor.

Akamrudisha mtoto kwa mama yangu taratibu.

"Nassor kafa zamani," akasema. "Hapa pa baba yangu. Kapewa na serikali, na hati zipo. Nyie mwatoka kwa nani?"

Nikaanza kueleza mambo ya maua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Nani anatoka Wawi na kichanga kuja kutafuta mizizi?

"Mwenye haja aende kwa sheha," akasema, yaani kwa kiongozi wa serikali wa mtaa. Akaingia ndani.

Njiani mume wangu alitaka kucheka, akaniona usoni akaacha. Tulipofika nyumbani mama akanigeukia.

Akasema, "Umemtia mtu hofu mlangoni kwake. Kamtake radhi kwanza. Hayo maua baadaye."

Wiki ile sikufungua tovuti. Nilikuwa nafikiria tu lile jamvi la karafuu na yule mama, na kwamba labda siku zile alikuwa akizitoa hati zake sandukuni kuzihesabu kurasa.

Tukarudi Jumapili iliyofuata, mimi na mama tu. Sikubeba karatasi. Nilibeba mkate wa ajemi na mtoto.

Nikasema hata kabla sijakaa: "Bi Mize, nimekuja kukutaka radhi. Sina undugu na Nassor. Sitaki shamba, sitaki mti, sitaki hata karafuu moja. Nilikosea nilivyouliza."

Akatandika mkeka.

Alituambia kwamba zamani, yeye yuko mdogo, alikuja mtu na mkoba akasema anapima mipaka. Hakusema katumwa na nani. Baba yake aliacha kula siku kadhaa. Yule mtu hakurudi tena, lakini baba yake mpaka anakufa alikuwa akisikia gari tu anasimama.

"Basi miye nilipoiona ile karatasi yako," akasema, "nilimwona baba."

Mama ndiye aliyejibu: "Sote twayajua hayo, Mize." Na kwa kuwa walikuwa rika moja, wakaendelea wao wawili, ya nani kaolewa wapi, mpaka chai ikaja.

Ni yeye Bi Mize aliyerudi kwenye jambo lenyewe. "Hebu sasa nambie, hilo ua likoje?"

Nikafungua simu nikamwonesha ile mizizi tu.

Akacheka kwa sauti! "Hii? Huu si uchafu huu! Sisi twauita nywele za mkarafuu. Kila kabla ya msimu nazikwangua kwa panga, zanyonya mti."

Nikamweleza kwamba hazinyonyi. Zimejishika tu kwenye gamba, chakula zinajitengenezea zenyewe kwa mwanga na unyevu. Kirukia ndicho kinachonyonya, na mimi mwenyewe niliwahi kuvichanganya.

Akasema, "Basi miaka yote hii nimekuwa nikiwaadhibu wasio na kosa."

Tukaingia shambani. Na hapa ndipo mtaona ubaya wa kukutana na mkulima hodari: mikarafuu yake ilikuwa safi kama imepigwa sabuni. Tulikwenda mti kwa mti, mimi shingo juu mpaka inauma, mama nyuma na mtoto. Hakuna kitu. Nikaanza kujiambia tumechelewa, kwamba tumefika mahali penyewe na mmea umeshakwisha.

Bi Mize akasimama ghafla akajipiga paja.

"Mdimu!"

Nyuma ya jiko lake kuna mdimu mkubwa, miiba tupu. Hakuna aliyewahi kutia panga ndani yake. Tukainama, tukachungulia. Kwenye tawi la ndani kabisa, kimya, kulikuwa na fundo la mizizi ya kijivu, na juu yake mvua ya vijiua vyeupe. Ukisimama hatua mbili huvioni.

Nilichanika mkono wote kuingiza simu. Bi Mize akanishikia njiti ya kiberiti pembeni ya ua ili ukubwa uonekane. Nyuma ya kila ua kuna kifuko kidogo cha duara, kama kichwa cha pini. Kile kile nilichokiona kwenye shiti.

Sikukata hata mzizi.

Nilipokuwa napakia picha pale pale mkekani, tovuti ikauliza mahali. Bi Mize alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Karatasi ya Ulaya yasema shamba la Nassor," akasema. "Na hino yako itasema la nani?"

Nikaandika: Ole, Pemba, Zanzibar. Nyumbani kwa Bi Mize, kwenye mdimu wa nyuma ya jiko. Nikamsomea. Akasema nirudie. Nikarudia.

Siku mbili baadaye Bi Margaret alijibu kwa maneno machache: shaka yake ilikuwa kosa, na alikuwa na furaha kukosea. Nchi ikabadilishwa. Maneno ya lebo hayakuguswa, shamba la Nassor limebaki pale lilipo, maana ndivyo mtu yule alivyoandika siku ile. Lakini sasa ukifungua ukurasa zipo kumbukumbu mbili, ya Nassor na ya Bi Mize, zimekaa jirani.

Nimejifunza nini? Kwanza, ukienda kwa mtu na karatasi ya zamani, anza kumwambia usichokitaka. Mimi niliijali lebo kuliko mwenye nyumba, na nusura nikose vyote viwili. Pili, kuna vitu vipo nyuma ya jiko na sisi tunavikwangua kwa sababu hatujawahi kuviuliza.

Mwenye kuona nyumbani kwake mizizi mitupu iliyoshika mti, bila majani, iwe Pemba, Mafia, Tanga au popote, aweke picha hapa na jina mnaloiita kwenu. Msiing'oe tafadhali. Na wenye kukosoa utambuzi wangu karibuni, nimeshazoea.

Bi Mize naye sasa ameambukizwa. Anatumia simu ya binti yake kuniletea picha, nyingi zina kidole mbele ya kamera. Juzi kaleta jani nene lililoota kwenye mfenesi. Nikamwambia hili si okidi, ni kangaga, mmea usiotoa maua kabisa.

Akanitumia sauti: "Una hakika? Tazama tena."

Naitazama, wakuu.