Fuvu Kwenye Ua wa Vitunguu

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba shamba langu halijawahi kuonja dawa. Niliwaambia wanunuzi, niliwaambia watu wa kanisani, hata wasioniuliza niliwaambia. Ni ekari moja tu pembeni mwa Kiwanjani, vitunguu na sukuma wiki, lakini nilitembea humo nikijiona mtu. Zamani nilikuwa karani wa serikali. Nilishuka kutoka Meru nikiwa kijana, nikastaafia hapa Isiolo, na mke wangu akazikwa huko juu kwetu. Watoto wako Nairobi, hupiga simu Jumapili. Siku sita zilizobaki nazungumza na vitunguu.

Shamba lisilo na dawa lina adhabu yake, nayo ni magugu. Ndago hasa. Unaikata asubuhi, baada ya siku mbili imechungulia tena, kwa sababu imeficha vinundu vidogo chini ya udongo na kila kinundu kinangoja zamu yake. Nilikuwa naing'oa kwa mkono, nimepiga magoti, mgongo ukilalamika.

Aliyeifurahia ndago hiyo alikuwa jirani yangu, mama wa Kiborana, mjane, mwenye mbuzi saba na uwanja usio na jani hata moja. Kila asubuhi alikuja na gunia mpaka kwenye pengo la ua. Mimi nilimrushia nilichong'oa, yeye aliniachia chupa ya maziwa yenye harufu ya moshi, maana vibuyu vyake huvifukiza kabla ya kukamulia. Hatukuwahi kukaa chini tukapatana. Ilianza tu, ikaendelea.

"Nagaa?" aliuliza kila mara, yaani kuna amani?

"Nagaa," nilijibu, na hapo Kiborana changu kilikuwa kimekwisha.

Kisha alilitazama gunia. "Ndago imejaa gunia? Haijajaa. Mzee, leo umelala."

Alinikasirisha kila siku, na kila siku nilimngoja. Nilidhani ninachongoja ni maziwa.

Halafu chama chetu cha wakulima wasiotumia dawa kikapata mashine ya kuua magugu kwa stima, nami nikaomba niwe wa kwanza kuijaribu. Ni kigari cha magurudumu mawili, kina betri na paneli ya sola, na fimbo ndefu ya chuma. Unagusa gugu kwa ncha ya fimbo, stima inapita kwenye shina hadi mizizini, inaingia ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia bamba la chuma linaloburutwa nyuma. Gugu linalia chrr, kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta moto, na linabaki limesimama. Baada ya saa moja limelala. Hakuna sumu inayobaki kwenye udongo. Nilifurahi kama mtoto, nasema kweli.

Masharti yalikuwa machache. Vaa gambuti na glavu za mpira. Mtu au mnyama asikaribie ukiwa kazini. Na lile bango lililokuja na mashine litundikwe mahali watu wanapopitia. Kwangu alipita mtu mmoja tu, kwa hiyo nililitundika kwenye pengo la ua. Lilikuwa la njano, na fuvu jekundu la kichwa, na chini yake maneno ya kuonya kuhusu umeme. Nimekuwa karani maisha yangu yote. Nikiambiwa nitundike, natundika.

Asubuhi hiyo jirani alikuja na gunia lake. Alisimama mbali. Aliliangalia bango, akaniangalia mimi na glavu zangu ndefu. Nilimwinulia mkono angoje hapo hapo, kwa kuwa stima ilikuwa imewashwa. Mpaka nizime mashine na kuvua glavu, alikuwa amegeuka na kwenda zake.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilikasirika. Kama ni maringo, nilijiambia, hata mimi ninayo. Nikanywa chai ya rangi wiki baada ya wiki na kusukuma kigari changu. Ndago iliyorudi niliigusa tena, ikirudi tena naigusa tena, mpaka ikachoka. Wanachama walikuja wakapiga picha matuta yangu, wakanisifu, wakaenda. Jioni nilikaa mlangoni na sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba nimelala. Upweke ulinikamata vibaya, kuliko hata ule mwaka wa msiba.

Mwishowe nilimeza maringo, nikaenda kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama anayeuza chai mlango wa pili alinitazama kwa jicho baya.

"Alienda kwa msichana yake, huko Gotu, na mbuzi yote. Alisema hapa majani iko na sumu."

"Sumu gani?"

"Ile ya kichwa ya mtu amekufa. Kama ile iko kwa chupa ya dawa ya kupe. Si uliiweka kwa ua, na ukavaa glavu, na ukamfukuza na mkono? Alilia, mzee. Alisema wewe ulikuwa mtu mzuri."

Alivyosema, ungedhani nimeshazikwa. Kila mfugaji hapa analijua fuvu hilo, anasoma fuvu tu, si maneno, na kuweka watoto na mbuzi mbali. Mimi niliyejigamba kwamba sina dawa nilikuwa nimetundika alama ya sumu mbele ya mtu mmoja aliyekula shambani mwangu.

Nilimwomba ampigie simu. Akapiga, akanipa.

"Nagaa?" nikauliza, safari hii mimi.

"Mzee, uliniambia shamba yako haina dawa."

"Haina, mama. Ni stima tu. Lile bango ni la stima."

"Si ungeniambia?"

"Ilifaa nikuambie. Nisamehe."

Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake. "Mbuzi mbili iko na mimba," akasema. "Ikizaa, narudi." Kisha sauti yake ikalegea, ikawa ile ya zamani. "Ndago imejaa gunia?"

"Imejaa," nikasema.

Nilirudi nyumbani, nikalitoa bango na kulifungia stoo. Halafu nikaingia shambani na kupita tuta baada ya tuta, nimeinama, nikitafuta. Palikuwa safi kama pamefagiliwa. Nilizunguka mpaka jua likaanza kushuka, na moyo ukaniuma, kwa sababu kazi hiyo niliifanya mwenyewe.

Nilipata moja. Ilikuwa kwenye mguu wa nguzo ya ua, karibu na pengo, mahali ambapo sikuthubutu kupeleka fimbo kwa sababu ya seng'enge. Mche mmoja wa ndago, majani matatu. Nikaenda jikoni nikachota maji kwa jagi, nikaumwagilia.